Barakoa, Kinyago na Udongo wa Mtoni
Mhadhara uliotolewa Bumula, Bungoma



Nilipokuwa njiani kuja hapa Bumula, nikiwa nimekwisha kuahidi kuzungumza juu ya barakoa na juu ya zile karamu za ngoma ambazo wageni wake huingia wamezifunika nyuso zao, nalikutana na mzee mmoja upande wa Kimaeti, mtu wa miaka mingi na maneno machache, ambaye, baada ya kujuliana hali na kuulizana habari za mvua na za miwa, alitaka kujua safari yangu ni ya kazi gani, nami nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, sisi Babukusu hatukuchonga vinyago. Sasa watu utawaambia nini juu ya kitu ambacho babu zao hawakukivaa?” Sikuwa na jibu la papo hapo, na yote nitakayoyasema alasiri hii ni deni ambalo mzee yule aliniwekea pale barabarani.

Ni kweli aliyoyasema. Tangu mitelemko ya mlima ambao ramani huuita Elgon, na sisi huuita Masaba, mpaka kwenye mabonde yanayoelekea Busia, utaingia katika nyumba za wazee ukaonyeshwa mkuki, kigoda, mirija mirefu ya kunywea busaa, na zile njuga za chuma ziitwazo chinyimba ambazo mvulana huzigonga akizunguka kuwaalika jamaa zake kwenye tohara yake, lakini kinyago hutaonyeshwa. Walakini neno barakoa, ambalo wazee wetu hawakuwa na haja nalo, lilibisha hodi katika kila boma la Bungoma mwezi wa Aprili 2020, wakati serikali ilipoamuru kwamba kila aendaye penye watu aifunike pua yake na mdomo wake kwa sababu ya maradhi ya korona. Na ghafula tukajikuta, sokoni, kanisani, na hata matangani, tukitazamana kwa macho peke yake, tukiwasalimu kwa mashaka watu tuliowajua tangu utotoni. Nakumbuka mama mmoja muuza maharagwe ambaye, kila alipotaka kumtajia mnunuzi bei, aliishusha barakoa yake mpaka kidevuni, akaitaja, kisha akaipandisha tena. Daktari angemlaumu, na kwa haki. Bali mimi nilielewa kwamba mama yule hakuweza kutoa neno la biashara, ambalo ni neno la ahadi, hali kinywa kilichotoa ahadi hiyo hakionekani.

Katika Kiswahili barakoa ni neno la pwani lililotoka katika Kiarabu, na kwa muda mrefu lilikuwa jina la kile kifuniko cha uso walichokivaa mabibi wa nyumba kubwa za Unguja na Oman; kinyago ni sura ya mti iliyochongwa, ya kutisha au ya kuchekesha, iliyokuwa na kazi yake katika jando na unyago kabla haijawa bidhaa ya kuuziwa watalii. Liko na neno la tatu ambalo hatulihesabu pamoja na hayo, nalo ni masihara. Asili yake ni maskhara ya Kiarabu, yaani mzaha na kejeli, na pia yule mtu anayefanyiwa au anayefanya mzaha; na wako wanachuoni wa lugha wanaodhani kwamba ni neno hilo hilo lililovuka bahari likawa jina la kifuniko cha uso kwa Wataliano, kisha kwa Wafaransa na Waingereza. Ikiwa wamesibu, basi kila tumwambiapo mtu asitufanyie masihara tunamkataza, pasipo kujua, asije kwetu na uso usio wake.

Nami nitaisema hoja yangu sasa, nisiwaweke roho juu: naona kwamba barakoa haipimwi kwa uzuri wa kuchongwa kwake, wala kwa ukubwa wa siri iliyo nyuma yake, bali kwa saa ile inapovuliwa, aliyekuwa ndani yake akaulizwa kama yuko tayari kuyajibia yale aliyoyasema na kuyatenda alipokuwa hana uso.

Ngoma za barakoa, kama Ulaya ilivyozijua, zilipata makao yake makuu Venice, mji wa wafanya biashara uliojengwa juu ya maji, ambako watu walizivaa barakoa si kwa usiku mmoja wa karamu bali kwa majuma na miezi, na ambako nyumba ya kamari iliyofunguliwa kwa idhini ya serikali mwaka 1638 iliwataka wachezaji wawe wamefunikwa nyuso, hata ikafungwa mwaka 1774. Msomaji wa Kiswahili anaujua mji huo kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Mlioisoma mtakumbuka jinsi Shylock, akialikwa kwenda kula nje usiku, anavyomwonya binti yake Jessica ayafunge madirisha na asichungulie barabarani, kwa kuwa amesikia kwamba watapita watu wenye barakoa na ngoma zao. Akiisha kutoka, binti huyo anavaa nguo za kivulana, anachukua mali ya baba yake, na kutoroka na mpenzi wake Lorenzo. Lakini jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni hili: ngoma yenyewe ya barakoa haikuchezwa. Upepo uligeuka, Bassanio, mwenyeji wa karamu ile, akatakiwa apande chomboni, na msafara aliouogopa Shylock haukufanyika. Aliyebadilika sura alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya madirisha yaliyofungwa kwa amri ya baba. Katika tamthilia hiyo hiyo Portia anavaa joho la mwanasheria wa kiume na kuihukumu kesi ya ratili ya nyama aliyoidai Shylock, na baadaye, nyumbani, anamtaka mumewe Bassanio ajibu habari za pete aliyoitoa, kisha anajifunua kwake. Kwa mumewe alijifunua. Mahakama haikuambiwa kamwe. Nami, kila niisomapo, pamoja na furaha yote ya akili ya Portia, najisikia vibaya kwamba mtu amepokonywa mali na dini yake mbele ya hakimu ambaye hakuwa hakimu, na ambaye hakurudi mbele ya baraza lile akiwa na uso wake.

Hikaya zetu tulizozirithi kutoka Mashariki zina mizani nyingine. Katika Alfu Lela Ulela, Khalifa Harun al-Rashid hutoka usiku amevaa mavazi ya mfanya biashara, pamoja na Jaafar waziri wake, akaingia katika nyumba za watu na kuyasikia ambayo hakuna mtu angethubutu kuyanena mbele ya kiti chake. Walakini aghalabu asubuhi hufika, na wale aliowasikiliza huitwa barazani, wakainua macho na kumtambua mgeni wao wa jana. Hikaya isingekamilika bila ya asubuhi ile. Na Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, aliipeleka fikira hiyo mbali zaidi, maana kwake barakoa si kitambaa wala mti bali ni ngozi yenyewe ya mwili: Adili kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili aliowafuga, na kila usiku hulia awapigapo, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya husuda yao. Aonaye kwa nje huona mnyama na mjeledi. Anayepiga ndiye ajuaye ni uso wa nani ulio ndani, na kujua huko ndiko adhabu yake yeye.

Na nje ya hikaya, usiku wa Machi 16, 1792, katika jumba la opera la Stockholm, mfalme Gustav III wa Sweden alikwenda kwenye ngoma ya barakoa ingawa alikuwa ameletewa barua isiyo na jina ya kumwonya asiende. Alitambulikana kwa nishani aliyoivaa, akazungukwa na watu waliofunikwa nyuso, na mmoja wao, Jacob Johan Anckarström, akampiga risasi mgongoni. Mfalme alifariki siku 13 baadaye. Habari hiyo ndiyo aliyoitungia Giuseppe Verdi opera yake ya ngoma ya barakoa, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Rome mwezi wa Februari 1859, baada ya wakaguzi wa serikali kukataa kuona mfalme wa Ulaya akiuawa jukwaani, hata ikambidi mtungaji aihamishie Boston, Marekani, na kumfanya mfalme kuwa gavana. Hivyo hadithi ya barakoa nayo ilivikwa barakoa ndipo ikaruhusiwa kupita.

Nimeutaja mwaka 1859 kwa makusudi, maana katika mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, katika mji wa Unguja, ilitendeka habari ambayo mtungaji yeyote wa opera angeitamani, nayo si hadithi ya kubuni. Seyyid Said bin Sultan alikuwa amefariki mwaka 1856, na mwanawe Majid alikuwa ameshika ufalme wa Unguja. Ndugu yake Barghash hakukubali, akafanya njama, na wakubwa kadhaa wa Kiarabu pamoja na baadhi ya ndugu zake wa kike wakamuunga mkono. Mmoja wa ndugu hao alikuwa Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ambaye utotoni alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kuwa kuandika hakukufundishwa wasichana, na sasa, akiwa na miaka kumi na mitano tu, ujuzi wake huo ulimfanya awe karani wa njama. Siri ilipofichuka Majid aliizingira nyumba ya Barghash kwa askari. Ndipo usiku mmoja Salme na dada yake Khole, pamoja na wanawake wengi wa nyumba zao, walipoandamana mpaka penye askari wale, wakataka kwa heshima waruhusiwe kumwona ndugu yao. Na askari, kwa haya ya kusemeshwa na mabinti wa Seyyid Said, wakafungua njia.

Ndani ya nyumba Barghash alikataa kwanza. Mtu aliyejiona kuwa mfalme angewezaje kuvaa shungi la kike? Mwisho alikubali, akiwa na silaha zake chini ya nguo, akafunikwa mpaka yakabaki macho peke yake, na mdogo wake Abdul Aziz, mtoto wa miaka kumi na miwili, akafunikwa vile vile. Na kwa kuwa Barghash alikuwa mrefu, walichaguliwa wanawake warefu kuliko wengine wote wakawekwa kumzunguka. Wakatoka hatua kwa hatua, bila ya haraka, kama ipasavyo mabibi, na askari wakasimama kando kwa taadhima. Fikirini jambo hilo. Kilichomwokoa Barghash usiku ule si kitambaa, kwa maana kitambaa kingeweza kufunuliwa na mkono wowote. Kilichomwokoa ni staha ya adui zake, watu wenye bunduki ambao hawakuona inawezekana kumfunua mwanamke uso. Barakoa yake ilikuwa imeshonwa kwa murua wa wengine.

Walipofika nje ya mji aliyatupa mavazi yale akatoweka gizani kuelekea shamba la Marseille, walikokuwa wamejikusanya wafuasi wake. Lakini Majid, akisaidiwa na Waingereza, alilivunja shamba lile, na Barghash akapelekwa Bombay. Na saa ya kulipa ilipofika, je, ilikuwaje? Salme alipatana na Majid, na kwa hiyo akachukiwa na wale wenzake wa njama; mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden, akaolewa na Heinrich Ruete, Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, ndizo zilizotuhifadhia habari hii. Mwaka 1885, akiwa mjane, alirudi Unguja katika meli za Kijerumani kudai urithi wake. Aliyekuwa akitawala ni Barghash, na Barghash alikataa kumpokea. Yako mambo mengi ya siasa na ya dini katika kukataa huko, nami siyadharau; lakini siwezi kuacha kumwona mwanamke yule akisimama juu ya sitaha, akiyatazama madirisha ya mji, na mle ndani yumo mtu ambaye yeye alikuwa mmoja wa waliomvika nguo za kike usiku ule ili apate kuishi.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kufunika uso pwani kulikuwa mchezo wa njama tu. Kulikuwa, kabla ya mambo yote, daraja. Mwungwana alijifunika, mtumwa hakuruhusiwa; Lamu mabibi wakubwa walipita njiani ndani ya shiraa, ambayo ni kama hema la kitambaa lililochukuliwa na watumishi wao wa kike, hata mpita njia aliona kitambaa kikitembea na asione mtu. Na utumwa ulipofutwa, wanawake waliokuwa wamenyimwa haki ya kujifunika walianza kuvaa kanga, kisha buibui, mpaka katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini buibui likawa vazi la wote, na nguo iliyokuwa ukuta kati ya bibi na mtumwa ikawa sitara ya kila mwanamke aliyeitaka. Sisi wa bara hutazama buibui tukadhani twaona kufungwa. Waliolivaa kwanza wakitoka utumwani waliona kitu kingine.

Lakini mtu akiniuliza ni wapi katika nchi zetu palipokuwa na ngoma iliyokaribia zaidi zile karamu za Ulaya, nitamwelekeza kwenye beni. Hiyo ilizaliwa katika miji ya pwani yetu, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, vijana walipokwisha kuyasikia matarumbeta ya wanamaji na ya misheni. Mombasa vilishindana vyama vya Kingi na Skochi, na ilipoingia Tanganyika ikajigawa katika Marini na Arinoti, na vita vya 1914 mpaka 1918, vilivyowakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, vikaieneza mpaka Nyasa na mbele yake. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, madaktari, na wanawake wenye vyeo vyao. Sare zilishonwa kwa fedha za mchango, na gwaride likapigwa hata mzungu aliyepita akasimama, asijue kama anaheshimiwa au anaigizwa. Wachezaji hawakufunika nyuso. Walichobadilisha ni cheo, na tarishi aliyebeba barua mchana kutwa jioni alikagua jeshi. Wamisionari wengi waliichukia, na maofisa wa serikali waliitilia shaka. Mimi naistahi kwa jambo moja ambalo watazamaji wale hawakuliona: mwanachama alipougua au kufiwa, jenerali yule wa jioni alitakiwa atoe mchango wake wa dawa na sanda kwa kadiri ya ukubwa wake. Cheo kilikuwa cha kuigiza, lakini deni lililofuatana nacho lilikuwa deni kweli.

Na sasa nije kwa Wamakonde, ambao katika habari ya vinyago ndio walimu wa upande wetu huu wa Afrika. Makao yao ni nyanda za juu za Mueda katika Msumbiji, na Newala na Mtwara katika Tanzania. Ngoma yao ya vinyago huitwa mapiko, na kinyago kimoja huitwa lipiko. Lipiko si ubao wa kufunika uso tu, bali ni kichwa kizima kilichochongwa kwa mti mwepesi, ambacho mchezaji hukivaa juu ya kichwa chake mwenyewe, akiona njia kupitia kinywa cha kinyago. Nywele zake aghalabu ni nywele za mtu zilizogandishwa, na kama ni sura ya mwanamke wa zamani, mdomo wa juu hutokezwa kwa ndonya. Mwili hufunikwa wote kwa nguo, hata ngozi isionekane, njuga zikafungwa kiunoni, na lipiko akaingia uwanjani kwa hatua za kushtukiza mbele ya ngoma, akiwafukuza wanawake na watoto, nao hukimbia, hupiga kelele, na hurudi tena. Sura zenyewe hazikukoma kwenye mizimu: wachongaji walimchonga afisa wa Kireno, wakamchonga Mhindi wa duka, wakamchonga kila aliyekuwa na nguvu juu yao, na uwanjani wakamchezesha.

Siri ya mapiko ilikuwa kwamba lipiko si mtu. Wanawake walitakiwa waamini kwamba ni mfu aliyerudi, na wavulana wasiotahiriwa waliamini kweli. Ndipo mvulana alipoingia jandoni akakabiliwa na lipiko, naye akatakiwa apambane na kile kitu alichokiogopa utoto wake wote, akivue kichwa. Na chini ya kichwa kile akaukuta uso wa mtu wa kijiji chake, anatoka jasho, anahema, anamtazama. Tangu saa hiyo alikuwa mwanamume. Hakuambiwa kwamba mizimu haipo. Aliaminishwa kitu kigumu zaidi, kwamba woga wa kijiji huchukuliwa mabegani na watu, na kwamba siku moja zamu itakuwa yake. Na wanawake? Waliojua walikuwa wengi kuliko waliosema. Walimtambua mume kwa mguu wake, au ndugu kwa namna ya kugeuza bega, na bado wakakimbia na kupiga kelele kwa wakati wake, kwa sababu ngoma haichezwi na mvaaji peke yake. Sijui sanaa nyingine inayodai uaminifu mkubwa namna hiyo kwa mtazamaji.

Wamakonde wako na kwetu Kenya. Baba zao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, wakakaa Kwale vizazi kwa vizazi bila ya uraia. Hata mwezi wa Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hii. Watu hawa, ambao hakuna awashindaye katika kuutengeneza uso wa mti, walichokuwa wakikiomba barabarani ni kadi ndogo yenye picha ya uso wao na jina lao.

Iko barakoa ya Kenya ambayo haikuchongwa na fundi, wala haikuchezewa ngoma, nami nisipoitaja nitakuwa nimewadanganya. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, majeshi ya serikali ya kikoloni yaliuzingira mji wa Nairobi katika ile kazi iliyoitwa Operesheni Anvil, wakakamatwa maelfu kwa maelfu ya watu, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapangwa mistari. Mbele ya mistari wakakalishwa au kusimamishwa watu waliovikwa magunia kuanzia kichwani, yenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia, yaani kigunia. Mtu alipopitishwa mbele ya gunia, gunia lilitikisa kichwa. Hapakuwa na neno wala jina. Mtikiso mmoja, na aliyekuwa mtu wa familia mwenye kazi yake na kodi ya nyumba yake alipelekwa kizuizini, wengine Manyani, wengine Mackinnon Road, pasipo kujua kama aliyemsaliti ni adui, au jirani, au ndugu aliyekula naye jana. Waliporudi baada ya miaka, kila aliyerudi aliishi kati ya watu ambao mmoja wao huenda alikuwa ndani ya gunia. Lipiko huvuliwa kichwa mbele ya mvulana, na Harun al-Rashid huketi asubuhi kwenye kiti chake; gunia halikuvuliwa, na aliyekuwa ndani yake hakupata kuulizwa neno hata leo. Hapo ndipo ninapoiona barakoa iliyo mbaya kabisa, na siioni katika uovu wa mvaaji peke yake, maana huenda naye aliteswa kwanza, bali katika mpango uliomwahidi kwamba hatajulikana milele.

Basi nirudi Bumula. Kwetu, mtu mkubwa akizikwa na ikafanywa kumuse, msemaji husimama katikati ya duara la watu kwa vazi lake na fimbo yake, akatembea huku na huku akiisimulia asili ya ukoo, ugomvi wa zamani, wema na makosa ya aliyekufa na ya walio hai. Marehemu Manguliechi, ambaye sifa yake katika kazi hiyo ilienea Bungoma nzima, aliweza kuwaambia wenye mamlaka mambo ambayo gazeti lingeogopa kuyachapa. Vazi lile ni la kazi, fimbo ni ya kazi, na maneno yale asingeyasema akiwa amekaa kwake nyumbani. Kwa hiyo ana barakoa, wazee wangu, isipokuwa uso wake uko wazi, na kila anayeguswa na neno lake anamjua yeye ni nani na nyumba yake iko wapi. Ni kama yule mama wa maharagwe: neno zito hulitoa kwa kinywa kinachoonekana.

Na mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kabla ya mapambazuko, mvulana aliyekuwa amezunguka siku nyingi na chinyimba zake, akaimbiwa nyimbo ambazo miezi mingine mtu hangezitamka mbele ya mkwewe, hupelekwa mtoni. Huvuliwa nguo, hupakwa udongo wa mtoni ulio baridi tangu kichwani mpaka miguuni, kifua, mgongo, mashavu, na ujani mmoja husimikwa utosini mwake. Wazee husema ni kwa ajili ya ubaridi, ngozi ife ganzi. Na iwe hivyo. Lakini anayerudi kutoka mtoni akiimbiwa wimbo wa Sioyaye hana sura ya mtoto wa fulani. Ana rangi ya ukingo wa mto, rangi moja na kila mvulana aliyepita njia hiyo tangu Mango, ambaye wazee humtaja kuwa wa kwanza kutahiriwa kati yetu, na jamaa zake wanamtambua kwa mwendo. Husimama uani kwa baba yake, akakaza macho mbele, na hapo kila mtu, shangazi, mjomba, jirani mwenye kinyongo, huutazama uso ule uliofunikwa kwa udongo kuona kama kope litapepesa. Katika nchi zote nilizozitaja watu huvaa barakoa ili wasitazamwe. Hapa mtu huvikwa udongo ili atazamwe kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Naye tangu siku hiyo huwa na rika, moja katika yale manane yanayozunguka, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na bakoki wake, wale waliosimama naye, wanaweza kumwambia neno lolote mpaka afe.

Mzee yule wa Kimaeti, tulipokuwa tukiagana, hakungoja nimjibu swali lake. Aliniuliza rika langu, nikamtajia. Akaniuliza nilipakwa udongo mto gani, nikamtajia. Akaniuliza aliyenipaka ni nani. Nikamtaja kwa jina na kwa ukoo, nikaongeza kwamba amekwisha kufariki. Akaurudia ukoo ule polepole, akanitazama usoni kwa muda, kisha akasema kwamba alimjua, akashika njia yake.